Mtaji upi uchukue wawekezaji wakiwa waoga: hisa, deni au pesa ya wateja

Mwenye kampuni changa akipata ofa mbili za mtaji, kwa kawaida huuliza mambo mawili: wananipa kiasi gani, na wanachukua asilimia ngapi. Soko likiwa limechangamka maswali hayo yanatosha, maana hata ukikosea leo, raundi ijayo ya kuchangisha mtaji itafunika kosa. Soko likipoa kuna swali linalopaswa kutangulia yote mawili: malengo yangu yakichelewa kwa mwaka mzima, pesa hii itanifanya nini?

Nauliza hivyo kwa sababu katika soko la woga karibu kila kitu huchelewa. Mteja aliyekuwa asaini mkataba mwezi huu anaomba asubiri bajeti mpya. Mwekezaji aliyekuwa akijibu barua pepe siku hiyohiyo sasa anataka kwanza kuona mahesabu ya robo mwaka nyingine. Siku inapoingia benki, pesa ya hisa haina tofauti na pesa ya mkopo. Tofauti huonekana baada ya mwaka mmoja na kidogo, mauzo yakiwa nusu ya ulivyoandika kwenye mpango wa biashara.

Woga wenyewe una sababu. Mwanzoni mwa 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mtu anayeweza kupata asilimia 5 kwenye dhamana za serikali bila kukosa usingizi hana haraka ya kuikabidhi pesa yake kampuni yenye umri wa miaka miwili. Uwekezaji katika kampuni changa duniani, uliopita dola bilioni 600 mwaka 2021, haukufika nusu ya hapo mwaka 2023. Si kwamba pesa zilikwisha. Mifuko mingi ya uwekezaji ilizishika ili kuzilinda kampuni ilizokwishawekeza, na kampuni ngeni kwao zikabaki kusubiri.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue kampuni moja ya kubuni. Ina miaka mitatu, inauza programu ya kusimamia bohari. Mauzo ni dola 40,000 kwa mwezi, matumizi 55,000. Yaani kila mwezi inakula 15,000 kutoka kwenye akiba. Waanzilishi wanataka dola 500,000.

Hisa: thamani kubwa si lazima iwe ofa nzuri

Uzuri wa hisa ni kwamba hazina rejesho la kila mwezi. Mauzo yakishuka, mwekezaji anaumia pamoja nawe, na hawezi kukupigia simu tarehe 5 kudai chake. Kwa kampuni ambayo bado haijapata faida na inahitaji muda mrefu kufika huko, hii ndiyo pesa yenye uvumilivu kuliko zote. Bei yake ni umiliki, lakini bei hiyo haisomeki yote kwenye asilimia.

Tuseme kampuni yetu imepata ofa mbili. Ofa A inaithamini dola milioni 2.5 kabla ya mtaji kuingia. Mwekezaji anaweka 500,000 na kupata asilimia 16.7. Ofa B inaithamini milioni 4. Kwa 500,000 zilezile mwekezaji anapata asilimia 11.1 tu. Wengi wangekimbilia B. Sasa soma kifungu cha kipaumbele cha malipo, kile kinachosema nani analipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Katika A, mwekezaji anachukua kwanza alichoweka, mara moja, au anaachana na haki hiyo na kugawana kwa asilimia yake, kutegemea kipi kina faida zaidi kwake. Katika B anachukua mara mbili ya alichoweka.

Kampuni ikiuzwa kwa dola milioni 1.2, chini ya A mwekezaji anachukua 500,000 na waanzilishi wanabaki na 700,000. Chini ya B anachukua milioni 1 na waanzilishi wanaachiwa 200,000. Hesabu ukiisogeza mbele utaona kwamba ofa zote mbili zinalingana kampuni ikiuzwa kwa milioni 6. Chini ya hapo, ofa yenye thamani ndogo ndiyo inayowalipa waanzilishi zaidi. Kwa hiyo anayechagua B anacheza kamari kwamba kampuni yake, katika soko lililopoa, itauzwa kwa zaidi ya milioni 6. Inawezekana. Lakini ajue kwamba ndicho anachokitabiri.

Kuna aina mbaya zaidi, ambapo mwekezaji anachukua chake kwanza halafu anarudi kugawana na wengine kilichobaki. Kwenye mauzo yaleyale ya milioni 1.2, hata kwa thamani ya A, angechukua 500,000 na kisha moja ya sita ya 700,000, jumla kama 617,000. Kifungu hicho huwa ni mstari mmoja tu, tena katikati ya ukurasa ambao watu hupitisha macho.

Waanzilishi huangukia ofa za namna ya B kwa sababu thamani ya kampuni ndiyo inayotangazwa. Masharti hayatangazwi na mtu. Kushuka thamani ni aibu, ndiyo. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilithaminiwa dola bilioni 45.6 Juni 2021, na Julai 2022 ikachukua mtaji kwa thamani ya bilioni 6.7. Ilisemwa sana. Iliendelea kufanya kazi, na Septemba 2025 ikaingia kwenye soko la hisa la New York. Stripe nayo ilitoka bilioni 95 mwaka 2021 hadi bilioni 50 mwaka 2023, na haikufa. Heri nusu shari kuliko shari kamili: bei ya chini yenye masharti safi inaumiza mara moja, wakati bei ya juu iliyofungwa masharti inakusubiri mbele.

Mfano wa kusubiriwa mbele ni Square, kampuni ya malipo ya Marekani. Mwaka 2014 iliuza hisa kwa dola 15.46, na wawekezaji wa raundi hiyo wakapewa ahadi kwamba kampuni ikiingia sokoni kwa bei isiyowapa faida ya asilimia 20, watafidiwa kwa hisa za nyongeza. Novemba 2015 iliingia sokoni kwa dola 9. Fidia ililipwa, na hisa hizo za nyongeza zilipunguza mgawo wa wenye hisa wengine wote, wafanyakazi wakiwemo.

Kuahirisha bei: SAFE na mkopo unaogeuka hisa

Pande mbili zikishindwa kukubaliana kampuni ina thamani gani, huahirisha ugomvi. Mwekezaji anatoa pesa leo na kupata hisa raundi ijayo, kwa punguzo au kwa kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa itakayotumika kuhesabu hisa zake. Njia kuu ni mbili, na watu huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja.

Mkopo unaogeuka hisa ni deni. Una riba na una tarehe ya kukomaa, mara nyingi miezi 18 hadi 24. SAFE, mkataba wa kupata hisa baadaye ulioanzishwa mwaka 2013 na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayolea kampuni changa, si deni: hauna riba wala tarehe. Raundi isipokuja, unakaa tu.

Wakati wa neema tofauti hiyo ni ndogo, kwa kuwa raundi huja kabla ya tarehe. Wakati wa woga ndiyo kila kitu. Raundi ikichelewa, mkopeshaji anafika tarehe ya kukomaa akiwa na haki ya kudai pesa ambazo kampuni ilishalipia mishahara. Wengi huongeza muda, ila huongeza wakidai kikomo kipya cha chini, au riba zaidi, au kiti kwenye bodi. Binafsi naona kuchukua mkopo wa namna hii soko likiwa limelala ni kujitegea, isipokuwa mkataba wenyewe useme kwamba tarehe ikifika na raundi haijaja, deni linageuka hisa kwa thamani iliyoandikwa humo humo. Sharti hilo hukubaliwa mara nyingi. Tatizo watu hawaliombi.

SAFE ina mtego wake, nao ni wepesi. Kwa sababu kuisaini hakuhitaji mikutano, waanzilishi husaini moja, kisha nyingine, kisha ya tatu. Katika muundo wa tangu 2018, ambao kikomo chake kinahesabu SAFE zote pamoja, kila mkataba mpya unamega hisa za waanzilishi na si za wenye SAFE waliotangulia. Dola 300,000 kwa kikomo cha milioni 3 ni asilimia 10. Ongeza 200,000 kwa kikomo cha milioni 2.5, hiyo ni 8 nyingine. Ikija raundi yenye bei na kuchukua asilimia 20, waanzilishi wanabaki na 65.6, kabla hata ya kutenga hisa za wafanyakazi. Andika jedwali la umiliki siku unaposaini SAFE ya kwanza, usisubiri wanasheria wa raundi ijayo wakuandikie.

Deni: nani anapunguza dai lake ukikwama

Kampuni yetu haiwezi kukopa 500,000. Wakopeshaji wanaotazama mauzo hutoa kiasi kinachokaribia mapato ya miezi michache, tuseme 120,000. Benki, ikikubali, itataka dhamana au saini ya mwanzilishi mwenyewe, maana yake nyumba yake imeingia kwenye biashara.

Hebu tuweke ofa mbili, moja pembeni ya nyingine. Benki inatoa 120,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, marejesho sawa kwa miezi 36. Mkopeshaji wa mgawo wa mauzo anatoa 120,000 na kuchukua asilimia 10 ya mauzo ya kila mwezi hadi jumla ifike 168,000.

| Mauzo ya mwezi | Rejesho la benki | Mgawo wa mauzo |
|---|---|---|
| 25,000 | 4,160 | 2,500 |
| 40,000 | 4,160 | 4,000 |
| 60,000 | 4,160 | 6,000 |

Benki ni nafuu. Jumla ya riba inakaribia dola 29,750, wakati mgawo unagharimu 48,000. Lakini tazama mstari wa juu. Mwezi mbaya, mgawo unashuka na mauzo, benki haishuki. Tofauti ya dola 18,000 na kitu ni bei ya ulegevu huo, na kwa kampuni yenye mauzo yanayopanda na kushuka naiona bei ya haki.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa mgawo wa mauzo hawalitaji kwa sauti. Bei yao haibadiliki, muda ndio unaobadilika. Mauzo yakibaki 40,000, unamaliza kulipa kwa miezi 42, sawa na riba ya takriban asilimia 1.7 kwa mwezi. Yakiruka hadi 60,000 unamaliza kwa miezi 28, na riba ileile inakuwa asilimia 2.5 kwa mwezi. Ukifanya vizuri, unalipa ghali. Na asilimia 10 ni ya mauzo, si ya faida. Kampuni ya programu inayobakiwa na senti 75 katika kila dola baada ya gharama za huduma inaweza kuivumilia. Mfanyabiashara wa bidhaa anayebakiwa na senti 20 amempa mkopeshaji nusu ya kinachobaki.

Dawa ya deni ni kulipa, na hapo ndipo kampuni inayokula akiba inapojikwaa. Kampuni yetu ikichukua 120,000 kuziba pengo la 15,000 kwa mwezi, pamoja na rejesho la 4,000, pesa zinaisha ndani ya miezi sita na ushee, na bado inadaiwa zaidi ya 140,000. Deni linafaa kwa jambo linalorudisha pesa kabla ya rejesho kukuelemea: oda iliyosainiwa ambayo inahitaji mali ghafi, au tangazo ambalo unajua, kwa miezi mingi mfululizo, linaleta mteja kwa gharama gani. Mishahara ya timu inayotafuta bidhaa si jambo hilo.

Mikopo ya kampuni zenye wawekezaji wakubwa nyuma yake ni ukumbi mwingine. Mkopeshaji huchukua riba pamoja na haki ya kununua hisa kidogo baadaye, na mara nyingi huweka sharti la kiwango cha chini cha akiba benki. Silicon Valley Bank, iliyokuwa kinara wa mikopo hii, ilianguka tarehe 10 Machi 2023. Kampuni zilizokuwa zimekopa kwake, nyingi zikiwa na sharti la kuweka fedha zao humo humo, zilikaa mwisho wa juma mzima zikijiuliza Jumatatu zitalipa mishahara na nini. Usiweke akiba yote kwa anayekudai.

Pesa ya wateja si bure kama inavyosemwa

Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za matangazo, ilianzishwa 2001 na haikuchukua mwekezaji yeyote wa nje hadi iliponunuliwa na Intuit mwaka 2021 kwa dola bilioni 12 hivi. Hadithi hiyo hurudiwa kila soko linapopoa. Ni ya kweli, ila zilizokufa kwa kukosa mtaji hazihadithiwi na mtu.

Kwa kampuni nyingi pesa ya wateja maana yake ni kuwaomba walipe mwaka mzima mapema. Tuseme wateja 30 wa kampuni yetu hulipa dola 500 kwa mwezi. Ukiwapa mwezi mmoja bure kwa kulipa mwaka, wakakubali wote, zinaingia 165,000 kwa mkupuo, na hakuna aliyechukua hisa. Ukiwapa miezi miwili bure, kama matangazo mengi yanavyofanya, zinaingia 150,000. Inaonekana tofauti ndogo. Ukiipima kama mkopo, ya kwanza ni riba ya takriban asilimia 1.6 kwa mwezi, ya pili ni 3.5. Miezi miwili bure ni ghali kuliko benki na kuliko mgawo wa mauzo, na watu huitoa bila kupiga hesabu.

Halafu kuna shimo la mbele. Wateja hao waliokuwa wakileta 15,000 kila mwezi hawataleta kitu kwa miezi 11 inayofuata. Kutoka kwa mteja uliye naye tayari, malipo ya mwaka hayarefushi maisha ya kampuni. Yanavuta mbele pesa yako mwenyewe. Kutoka kwa mteja mpya ni habari nyingine kabisa, maana hiyo ni pesa ambayo isingekuwepo. Kwa hiyo ofa ya mwaka ielekeze kwa wapya.

Na malengo yakichelewa? Mteja aliyelipa mapema hawezi kukufilisi kwa urahisi kama benki, lakini anaweza kudai arudishiwe, na akiondoka anaondoka na jina lako. Pamoja na hayo, hii ndiyo pesa pekee inayokurahisishia kupata nyingine. Mwekezaji mwoga ataamini mikataba 10 ya mwaka iliyolipwa kuliko kurasa 30 za makadirio.

Njia za pembeni

Kuchangisha mtandaoni kuna sura mbili. Ya kwanza ni kuuza bidhaa kabla haijatengenezwa: Oculus ilikusanya kama dola milioni 2.4 kwenye Kickstarter mwaka 2012, na Facebook ilipoinunua 2014 kwa takriban bilioni 2, waliochangia hawakupata senti kwa kuwa hawakuwa na hisa. Kwa mwenye kampuni ni pesa tamu, ila ni ahadi ya kupeleka bidhaa, na ucheleweshaji wake unasomwa na kila mtu. Ya pili ni kuuza hisa kwa umma. Marekani inaruhusu hadi dola milioni 5 kwa miezi 12. Inafaa bidhaa yenye mashabiki. Programu ya bohari haina mashabiki, na kampeni iliyokwama hadharani mwekezaji ataiona akikutafuta kwenye intaneti.

Ruzuku haidai hisa wala riba. Inadai muda, na nyingi hulipa baada ya wewe kutumia. Ukishaanza kubadilisha bidhaa ili ilingane na tangazo la ruzuku, acha.

Shirika kubwa likitaka kuwekeza, tafuta kifungu kinacholipatia shirika hilo haki ya kununua kampuni kabla ya wengine. Kikiwepo, wapinzani wa shirika hilo hawatajisumbua kukupa bei.

Kampuni yetu ifanye nini

Ningeanza na matumizi, kwa kuyashusha kutoka 55,000 hadi 48,000, kisha niuze mikataba ya mwaka kwa wateja wapya kwa mwezi mmoja bure, na nitafute dola 300,000 badala ya 500,000, kwa hisa, thamani ya milioni 2.5, kipaumbele cha mara moja bila kurudi kugawana. Hiyo ni asilimia 10.7 badala ya 16.7. Hata kampuni ikiajiri baadaye hadi pengo la mwezi lifike 16,000, pesa hizo zinaifikisha miezi 18. Mgawo wa mauzo ningeuacha hadi nipate oda inayouhitaji. Kampuni inayouza bidhaa zinazoshikika na yenye faida ndogo lakini ya uhakika ningeishauri kinyume: benki kwanza, hisa mwisho.

Mazungumzo yaanze akiba ikiwa bado inatosha miezi tisa au zaidi. Mwekezaji anayeona taarifa yako ya benki ina miezi miwili tu hana sababu ya kuharakisha, na ana kila sababu ya kuongeza masharti. Kabla ya kwenda kwa wageni, pita kwa waliowekeza zamani na upate kwa maandishi wataongeza kiasi gani, hata kama ni kidogo. Mgeni ataliuliza hilo kwenye kikao cha kwanza. Kama wamekataa kwa sababu mfuko wao umefika mwisho wa muda wake, omba barua inayosema hivyo, kwa sababu usipokuwa nayo atadhani wamekukimbia.